Masilamani, Aliyekufa Mara Mia na Kumi na Nane

Leo Ijumaa, tarehe 30 Septemba 2005, Bw. T. Masilamani anastaafu baada ya kuitumikia Studio ya Vennila, hapa Kodambakkam, kwa miaka thelathini na minne kasoro siku nne. Katika muda huo amecheza filamu sitini na moja, zote za kutisha, na amekufa mara mia na kumi na nane. Amechomwa mkuki, amezamishwa, ameangukiwa na hekalu, amepigwa radi mara tisa, na mara moja, katika filamu ambayo mwongozaji wetu Bw. Varadan hapendi tuikumbushe, aliuawa na mbuzi. Kila mara alirudi kazini kesho yake saa moja asubuhi, nywele zimechanwa, akiuliza kama kahawa ipo.

Mimi ni Dhanapal wa chumba cha rangi. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu ndimi niliyeushika uso wa Masilamani kwa saa nyingi kuliko mtu yeyote, mkewe akiwamo. Naandika kwa furaha, na sababu yake mtaijua kabla karatasi haijaisha. Ninyi mlioko ukumbini mmepewa karatasi hii nyote isipokuwa watu wawili waliokaa safu ya mbele. Wao wamepewa yenye ratiba tu. Tafadhali msiwaonyeshe, na mkishindwa kujizuia, chekeni chini chini.

Masilamani aliingia langoni mwetu tarehe 4 Oktoba 1971, kijana wa miaka ishirini na minne, mrefu, mwembamba, aliyetaka kuwa shujaa wa filamu za mapenzi. Bw. Varadan alimtazama akitembea, akasema, "Huyu ana mabega ya mtu aliyetoka kisimani." Basi. Mabega yake ndiyo yaliyomwajiri. Wiki hiyo hiyo nilimvika kwa mara ya kwanza uso wa Muni, yule pepo wa kisima ambaye watoto wa Madras wametishiwa naye ili wamalize wali. Uso huo ni mpira, pamba, nyuzi za nazi na gundi ninayoipika mwenyewe. Kuuvisha huchukua saa tatu na robo. Masilamani alikuwa akilala muda wote huo na kukoroma, nami nilijifunza kupaka rangi kwa kufuata pumzi zake.

Akiwa na uso ule hakuweza kula. Alinywa mtindi kwa mrija tangu asubuhi mpaka jioni, na hakuna siku aliyomkaripia mtu. Nimewavika nyuso mashujaa waliotupa viti kwa sababu ya chai kupoa, kwa hiyo najua ninachokisema.

Mwaka wa ukame mkubwa mabomba ya studio yalikauka, na siku asiyokufa uso wa Muni hatuuchani, tunaulainisha kwa maji ya moto ili utumike tena. Masilamani akaamua kwenda nao nyumbani Saligramam. Alifika mtaani saa kumi alasiri, lori la maji limeegeshwa, kina mama wamepanga ndoo mpaka kona ya pili. Mama yake, Mama Angammal, alikuwa wa arobaini. Masilamani akaja nyuma yake kumsaidia kubeba. Watu walipogeuka, mtaa ulibaki na ndoo peke yake. Dereva wa lori naye alikimbia. Mama Angammal hakukimbia, maana mabega yale aliyazaa yeye.

"Sasa umefanya nini?" akamuuliza.

"Mama, si tumekuwa wa kwanza?"

"Wa kwanza gani, na watu wamekimbia na kiu yao? Jaza hizo ndoo zote. Kisha umpelekee kila mtu mlangoni, na ubishe hodi kwa adabu."

Muni wa Kisima akabisha hodi milango thelathini na tisa. Hakuna mlango uliofunguliwa, lakini maji yote yalikutwa nje.

Huyo Mama Angammal ameziona filamu sitini, zote isipokuwa ya mwisho ambayo bado haijatoka, siku ya kwanza, maonyesho ya kwanza, ameweka ua kwenye nywele. Tatizo lake ni moja. Katika kila filamu huwa kuna majini, mizimu na maiti wanaotembea, wote wamevikwa na mimi, na kila mara humgusa mwanawe kiwiko na kumuuliza, "Yupi ni wewe?" Naye hujibu, "Yule mwenye meno, mama." Wote wana meno. Mama huitikia kwa kichwa, kwa heshima, na kuendelea kutazama, bila kujua amtazame nani.

Hapo ndipo kazi yangu inaponichoma. Nimesifiwa sana kwa uso wa Muni. Lakini kadiri nilivyoutengeneza vizuri, ndivyo nilivyozidi kumfuta rafiki yangu. Vijana wa gereji za Vyasarpadi wana chama chao cha wapenzi wa Muni, na kila filamu ikitoka husimamisha mbele ya sinema sanamu yake ya mbao, futi arobaini, kisha hupanda ngazi na kuimwagia maziwa kama sanamu za hekaluni. Mwaka 1986 Masilamani alikwenda kuwaona, kimya kimya, amevaa shati lake la nyumbani. Akasimama chini ya sanamu, anafurahi. Mwenyekiti wao, Bw. Munusamy, akamshika bega.

"Kaka, hebu sogea pembeni. Unamziba Muni."

Akasogea. Aliponihadithia alikuwa anacheka, nami nikacheka naye, lakini usiku wake sikulala vizuri.

Sasa lazima nieleze desturi yetu, kwa ajili ya wageni waliotoka benki na halmashauri. Hapa kwetu mtu akicheza maiti haachwi hivyo hivyo. Kamera haizimwi mpaka maiti ainuke, aitazame na kuicheka, ili filamu yenyewe ishuhudie kwamba yu hai. Asipocheka, nuksi inabaki naye. Na kicheko chenyewe lazima kiwe cha uso wake mwenyewe, kwa kuwa pepo akicheka inahesabika kwa pepo. Kwa hiyo Masilamani akifa, mimi huwa nimejificha nyuma ya jiwe bandia la mbao. Akiinuka nauchana uso wa Muni kwa mikono miwili, na nyusi zake kadhaa huondoka nao, naye anacheka huku machozi yanamtoka. Hudumu sekunde tatu. Kisha tunavunja boga chini kufukuza nuksi, tunakwenda kunywa kahawa.

Mara moja tu tulikosea. Ilikuwa Jumanne moja ya mwaka 1979, utepe wa filamu ulikuwa adimu mjini, nao uliisha kwenye kamera Masilamani akiwa bado amekufa kisimani. Bw. Varadan akasema haidhuru. Kesho yake Masilamani akashikwa na homa. Siku ya nne Mama Angammal akatokea langoni, boga kubwa kiunoni.

"Nani mkubwa hapa?"

"Mimi, mama," akasema Bw. Varadan. "Karibu ukae."

"Sikuja kukaa. Mwanangu mmemuua Jumanne mkamwacha huko huko. Mfufueni."

"Mama yangu, utepe uliisha. Na homa imezagaa mji mzima, hata mpishi wetu anaumwa."

"Mpishi wenu hajafa kisimani. Leteni hiyo mashine."

Mashine ililetwa. Masilamani akaja kwa riksho, amefunikwa blanketi, nikamvika uso kwa saa tatu na robo huku jasho la homa likiibandua gundi yangu. Akalala kisimani, akafa, akainuka, nikauchana, akacheka meno yakigongana. Boga likavunjwa. Jioni homa ikashuka. Mimi naamini ni vidonge vya daktari, ila sikuthubutu kusema mbele ya mama.

Alipokuwa akijifunga vizuri sari yake aondoke, akauliza, "Hicho kicheko mnakionyesha lini?"

"Hakionyeshwi, mama," akasema Bw. Varadan. "Kinakatwa."

"Kikikatwa kinakwenda wapi?"

Bw. Varadan akakuna shingo. "Kwenye pipa."

Mama akatutazama mmoja mmoja. "Yaani mizimu yote hiyo mnaiweka. Uso wa mwanangu ndio mnautupa."

Masilamani, bado yuko ndani ya blanketi, akamshika mkono. "Subiri, mama. Kabla sijastaafu nitawaomba wanionyeshe mara moja. Utaniona."

Amesubiri miaka ishirini na sita. Mwaka huu, katika filamu ya mwisho, Bw. Varadan mwenyewe alikuja na wazo: Muni atakapokufa uso utayeyuka, na atabaki Masilamani, sekunde saba nzima. Tulipiga picha hiyo mwezi wa sita. Mama Angammal, sasa ana miaka sabini na saba, alitangazia mtaa wote wa Saligramam na kununua sari mpya ya hariri, ya rangi ya embe. Mwezi wa saba wasambazaji wakaja kuitazama. Mmoja wao akasema watu wanalipa kumwona Muni, hawalipi kumwona karani wa benki. Sekunde saba zikakatwa. Bw. Varadan alibishana nao mpaka sauti ikamkauka, akashindwa.

Masilamani alicheka mbele ya watu. "Kweli bwana, nafanana na karani." Kisha akaingia chumbani kwangu, akakaa kwenye kiti chake, na hapakuwa na uso wa kumvika. Tulitazamana kwenye kioo.

"Dhanapal, mama nitamwambia nini?"

"Mwambie ukweli, kaka."

"Keshanunua sari."

Kahawa yake aliiacha ikapoa. Sijawahi kuliona jambo hilo tangu 1971.

Nilimhadithia Dada Alamelu, mkata filamu wetu, ambaye mnamjua kwa miwani yake na kwa ukali wake. Kesho yake akaingia chumbani kwangu na makopo ya biskuti, akarudi, akaleta mengine, akarudi tena. Makopo kumi na moja.

"Dada, kuna sikukuu gani?"

"Fungua, acha maneno."

Nikafungua. Ndani mlikuwa na vipande vifupi vya filamu, kila kimoja kimeviringishwa kwenye karatasi, na juu ya karatasi tarehe na aina ya kifo. *Radi. Mkuki. Kisima. Mbuzi.* Nikainua kimoja kwenye taa, nikamwona Masilamani wa mwaka 1973, nywele tele, anacheka.

Nikamgeukia. "Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Nani aliniuliza? Ninyi ndio mliosema pipa. Mimi kicheko cha mtu mzima, mzima wa afya, nikitupe kwenye pipa? Hiyo nuksi ningeibeba mimi na wanangu."

Vipande tisa vilikuwa vimeoza kwa unyevu. Vimebaki mia moja na tisa. Kwa wiki sita mimi na Dada Alamelu tumevisafisha na kuviunga, mwaka kwa mwaka, mlango tumeufunga, tukimdanganya Masilamani kwamba tunatafuta panya. Bw. Varadan alipoambiwa alilia, kisha akaomba zile sekunde saba zake ziwekwe mwishoni. Dada Alamelu akakataa. "Hapo amekufa," akasema. "Mimi namtaka aliye hai." Bw. Varadan akakubali, jambo ambalo nalo halijawahi kutokea.

Kwa hiyo, ndugu zangu, hotuba ya mwenyekiti ikiisha, taa zitazimwa. Mtaona dakika tano na nusu, bila sauti wala uso wangu wowote wa mpira. Mtamwona akiwa na miaka ishirini na minne, haya imemjaa. Mtaona masharubu yakija na kuondoka. Mtamwona wa 1979 akitetemeka, na wa 1984, siku ya tatu baada ya kumzika baba yake, alipoamka kutoka kwenye radi na kucheka kwa sababu mama yake alikuwa nyumbani akimngoja akiwa mzima. Mtaona jino likipotea na mvi zikiingia. Bw. Munusamy yuko mlangoni na vijana wake, ambao sasa ni wazee, na lita ishirini za maziwa. Nimemwomba asimwage kitu ndani ya ukumbi. Miluzi inaruhusiwa.

Kwa niaba ya chumba cha rangi, chumba cha kukata, jikoni, walinzi wa lango na mizimu wote waliowahi kufa kando yako, Bw. Masilamani, asante kwa kila asubuhi. Asante kwa subira na kwa mrija wa mtindi. Tunakutakia miaka mingi ya kula chochote unachotaka saa yoyote unayotaka, usingizi usio na brashi puani, na nyusi zote mbili. Kiti chako hatukihamishi.

Nawe Mama Angammal, karatasi hii utapewa taa zikiwaka, na mjukuu atakusomea. Utakuwa umeshaona. Najua ulimgusa kiwiko, ukamuuliza ni yupi, na nina hakika safari hii alishindwa kukujibu. Basi nakujibu mimi niliyekufichia. Ni wote, mama.