Jina Nililolichora Mstari kwa Rula

Ilianza siku ya Jumatano, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Dakika nazijua kwa sababu saa ya ukutani ya duka la ushirika pale Kongowe ilikuwa mbele ya macho yangu, na jioni ile ile niliiandika kwenye daftari langu. Nilikuwa kwenye foleni ya sabuni.

Ndugu zangu, mtaniruhusu nisome. Nikisimama bila karatasi ulimi wangu unakauka. Wengine wenu tumekaa pamoja mwaka mzima na hamjasikia kwangu neno zaidi ya shikamoo. Mwenyekiti wetu wa kikundi amenikumbusha kwamba tukitoa ushuhuda hapa hatutaji majina ya watu. Nimemwitikia. Mtaona baadaye kwa nini sharti hilo limenipa shida.

Basi, foleni. Mama alikuwa ameweka jiwe lake la kushika nafasi tangu alfajiri, nami nilipotoka shule, nikiwa kidato cha tatu wakati huo, nikaja kusimama penye jiwe letu. Nyuma yangu mzee mmoja alikuwa anawachekesha watu.

"Foleni hii hata malaika akishuka ataambiwa weka jiwe kwanza."

"Na akikuta sabuni imekwisha?" mama mmoja akamwuliza.

"Atarudi juu mchafu kama mimi na wewe."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Ndipo nikaguswa begani. Alikuwa msichana wa rika langu au kunizidi kidogo, amejifunga kanga, kapu la mihogo liko chini miguuni pake.

"Ni wewe unayeandika wagonjwa wa kanisani?"

Nikasema ni mimi. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne kutoka kwenye pindo la kanga. "Wifi yangu amekuletea. Kaniambia nisimpe mtu mwingine."

Mwandiko niliutambua kabla sijasoma. Ulikuwa wa mwalimu wangu wa Shule ya Jumapili. Aliandika hivi: "Mwanangu, naumwa, siku hizi sinyanyuki. Naomba mnitaje Jumapili. Msiniweke kwenye wagonjwa wote. Nitajeni kwa jina."

"Anangoja jibu," yule wifi akasema.

"Mwambie tutamtaja," nikajibu. Nilijibu haraka hivyo, bila kufikiri, kwa sababu foleni ilikuwa inasogea.

Nawaomba mnielewe huyu mwalimu alikuwa nani kwangu. Nilipokuwa na miaka minane nilikuwa siwezi kuomba mbele ya watu. Wenzangu wote waliweza. Yeye alikuwa na kawaida yake: kila mtoto amwombee mtu mmoja, amtaje. Alikuwa hataki kabisa kusikia "Mungu wabariki watu wote." Anakukatiza papo hapo. "Watu wote ni nani? Hao unawajua? Mwambie Mungu fulani, ana nini, unamtakia nini." Zamu yangu ilipofika nikanyamaza. Watoto wakaanza kucheka. Yeye hakuniruka aende kwa mwingine. Alikaa chini kwenye mkeka, akanisubiri. Nadhani tulikaa muda mrefu sana, mpaka nikalitoa jina la bibi yangu. Nililitoa kwa sauti kama ya mbu. Akasema, "Limefika."

Baadaye akaolewa na Mwislamu wa upande wa Kisarawe, mtu mpole, mkulima wa korosho. Kanisani wakamwondoa katika kufundisha, wakamwondoa na katika Chakula cha Bwana. Miezi kadhaa alikuwa akija kukaa benchi la nyuma kabisa, lile ambalo sote tunajua ni la waliotengwa. Wengine mliokaa hapa sasa hivi mmelikalia. Halafu mumewe akahamia kwao kijijini, naye tukaacha kumwona. Hakuacha imani. Hakuna hata siku moja aliyosema ameacha. Alitengwa tu, na aliyetengwa hatajwi.

Mimi nilipofika kidato cha pili nilipewa kazi ya daftari la wagonjwa, kwa sababu nina mwandiko mzuri. Jumamosi ninaandika majina, Jumapili ninayasoma kabla ya maombi. Hiyo ndiyo sauti pekee niliyokuwa nayo kanisani. Na nyumbani, kwenye daftari langu mwenyewe, nilikuwa naandika maneno makali sana. Naona haya kuyasoma leo. "Ee Mungu, kanisa letu lina baridi. Tunakuja tumepiga pasi, ibada ni saa moja na nusu, haizidi, watu wanatazama saa zao. Wako wapi watu wa imani ya kweli? Nipe imani yenye ujasiri, nipe moyo wa moto." Kurasa na kurasa. Nilikuwa nikimwomba Mungu moto kila usiku, na kila asubuhi namwangalia mwenzangu nikisema huyu ndiye baridi.

Jumamosi ile nikaliandika jina la mwalimu wangu, la kumi, la mwisho. Mzee wa kanisa anayesimamia daftari akaja kulikagua. Naye si mtu mbaya, nisikilizeni. Ni mtu aliyenibeba kwenye baiskeli yake nilipovunjika mkono.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Hili la kumi nani kaliandika?"

"Mimi, Mzee. Ametuma karatasi."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Huyu si mshiriki. Daftari hili ni la washirika."

"Anaumwa, Mzee. Hanyanyuki."

"Na tutamwombea. Si tunawaombea wagonjwa wote? Mungu anayajua majina, hana haja ya kusomewa na wewe." Akanisukumia rula mezani. "Chora kwa rula, daftari lisichafuke."

Nikachora. Ndugu zangu, nawaambia ukweli mbele za Mungu, nilichora mstari ulionyooka, na nikafurahi kwamba umenyooka. Ndivyo nilivyokuwa.

Jumapili nikasoma majina tisa. Nilipofika mwisho nikalipita lile lenye mstari. Nikasema, "Na wagonjwa wote." Waumini wakaitikia amina, tukaimba, tukatoka, akina baba wakaenda kusimama nje kuzungumzia unga wa njano wa msaada.

Nilimwambia mama jioni. Alikuwa anapepeta mchele, akaacha ungo.

"Utakwenda kubishana na wazee wewe? Mtoto wa kidato cha tatu?"

"Hapana, mama. Nataka tu kwenda kumwona."

"Nenda ukimaliza mitihani. Na usiende kama mtu wa kanisa. Nenda kama wewe."

Mitihani ilikuwa inaanza. Nikaishika sababu hiyo kwa mikono miwili. Jumapili ya pili nikasoma majina manane, kwa sababu mmoja alikuwa amepona. Mwalimu wangu hakuwamo hata kwa mstari, maana nilikuwa nimefungua ukurasa mpya. Tangu siku ile sikuweza kuomba. Nikipiga magoti naiona rula. Kwenye daftari langu ukurasa wa wiki ile una tarehe tu, chini yake hakuna kitu.

Jumamosi ya tatu nikaenda. Nilichukua nusu ya kipande cha sabuni tulichopata siku ile, nikaifunga kwenye gazeti, nikapanda basi hadi Kiluvya, na kutoka pale nikatembea kwa miguu saa mbili kasoro, nikiuliza njia kwenye mashamba ya mikorosho. Njia nzima nilikuwa natunga uongo. Nitamwambia tulimtaja? Nitamwambia daftari lilipotea?

Nilipofika uani nilimkuta mama mmoja mtu mzima ameketi kwenye kigoda, anamenya mihogo. Alikuwa mama mkwe wake. Nikamwamkia, nikasema natoka Kongowe, kanisani. Akaweka kisu chini. Akainuka kwa shida, akanishika mikono yangu yote miwili kwa mikono yake yenye maji ya mihogo.

"Mmekuja," akasema. "Mwanangu, mmechelewa. Tumemzika Jumatano."

Sikulia. Nilisimama tu na sabuni yangu. Akanikalisha mkekani, yule wifi wa siku ile akaniletea maji ya kunywa, macho yake mekundu. Kisha yule mama akaanza kunisimulia, na ninayowasomea sasa niliyaandika usiku ule ule, neno kwa neno kadiri nilivyokumbuka.

"Tunawashukuru sana wenzetu," alisema. "Kumtaja kule kulimpa nguvu. Jumapili ikifika saa nne alikuwa anatuambia tunyamaze. 'Nyamazeni, mama, sasa hivi kanisani wanalitaja jina langu.' Basi tunanyamaza. Sisi Waislamu, nyumba nzima kimya. Hata kuku huyu binti alikuwa anawafukuza uani wasipige kelele. Naye analala pale amefumba macho, anacheka kidogo. Halafu anasema, 'Limefika.'"

Nikainamisha kichwa.

"Alipofariki Jumanne usiku, mume wake alikuwa anataka tutume mtu kwenu. Mimi nikasema haina haja, watu wanaomtaja kila Jumapili watapata habari, watakuja wenyewe. Sisi kwetu maiti halazwi, lakini tuliwangojea mpaka saa kumi alasiri. Nyinyi mnazikaje, hatukujua. Huyu wifi yake akakumbuka wimbo aliokuwa akiimba akifua. Maneno hatuyajui. Tukaimba sauti tu, bila maneno, mpaka udongo ukaisha."

Ndugu zangu, pale ningeweza kunyamaza. Walikuwa wananishukuru. Chakula kilikuwa jikoni, wananipikia mimi. Ningekula, nikaaga, na wao wangebaki na faraja yao. Mpaka leo kuna watu wananiambia ningefanya hivyo, na sijui kama wanakosea.

Lakini nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, na aliyenifundisha kutaja jina alinifundishia kwenye mkeka. Nikasikia sauti yangu inasema, "Mama, hatukumtaja."

Akanitazama.

"Nililiandika. Nikaambiwa nilifute. Nikalichora mstari. Mimi mwenyewe, kwa mkono huu. Hakuna Jumapili hata moja aliyotajwa."

Yule wifi alisimama akaingia ndani, akaufunga mlango. Mama mkwe alikichukua kisu chake, akamenya muhogo, akauweka kwenye maji, akamenya mwingine. Nilihesabu mihogo minne. Nilitamani anitukane.

Mwishowe akasema, bila kuniangalia, "Kesho si Jumapili?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kalitaje. Saa nne sisi tutanyamaza."

Akanipa chakula, nikala. Sabuni yangu aliipokea, akasema atafulia shuka za marehemu.

Sasa niwashukuru watu, kabla sijalia nikashindwa. Namshukuru yule mama wa Kisarawe, ambaye kila nikienda kumwona ananipokea, ingawa binti yake bado hanisemeshi, na ana haki. Namshukuru mama yangu, aliyekaa wiki tatu haniongeleshi kwa aibu niliyomletea, kisha siku moja akajifunga kitenge akasema, "Twende wote Kisarawe, unionyeshe kaburi." Nawashukuru akina mama wawili wa benchi la nyuma waliokuja nyumbani Alhamisi iliyofuata, wakaniuliza kama naweza kuwaombea na wao kwa majina. Hivyo ndivyo kikundi chetu hiki kilivyoanza hapa Sofu, kwa watu watatu na kibatari. Mzee wa kanisa alininyang'anya daftari la wagonjwa. Aliniambia kanisa letu haliwaombei wafu. Kweli, haliwaombei. Simdai kitu. Nami nilikuwa nimeshachelewa, sikuwa na hoja.

Funzo sijui kama ninalo. Nilikuwa namwomba Mungu anipe imani ya moto, nikidhani siku moja nitasimama sokoni nihubiri, watu waanguke. Ujasiri niliotakiwa kuwa nao ulikuwa wa kuirudisha rula mezani. Ulikuwa mdogo kiasi hicho, na niliukosa. Wapendwa, mkiwa na mtu anayewaomba mmtaje, msimfiche ndani ya watu wote. Nendeni leo. Mitihani itafanyika tu.

Limebaki la asubuhi ile ya Jumapili.

Niliamka mapema, nikavaa sare ya shule kwa kuwa ndiyo nguo pekee iliyokuwa safi. Saa tatu ibada ikaanza. Daftari lilikuwa bado mikononi mwangu. Nilipoitwa nikasimama, nikasoma majina yote yaliyoandikwa, nikalifunga daftari. Mzee wa kanisa akakohoa, ishara ya kwamba niketi. Mwinjilisti akainua mikono kuanza maombi. Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika saba, na mahali fulani nyuma ya mikorosho nyumba nzima ilikuwa imenyamaza, kuku wamefukuzwa uani, wanangoja.

Mwenyekiti anisamehe, sharti lake nimelishika mpaka hapa. Sikusema, "Na wagonjwa wote." Sauti ilikuwa ile ile ya mbu, lakini kanisa lilikuwa kimya na nadhani jina lilifika hadi benchi la nyuma. Nikasema:

"Naeli."