Miaka Thelathini na Minne ya Kuambiwa Tumependeza

Bwana Lamjed Chelbi anastaafu leo, tarehe 30 Juni, baada ya kusimama nyuma ya kaunta ya Duka la Kofia la Zarrouk, hapa Tunis, kwa miaka thelathini na minne. Katika muda wote huo hakuna mteja aliyewahi kusikia kutoka kinywani mwake kwamba kofia haimfai. Ukikutana barabarani na kichwa cha kusikitisha, jua kimepita mikononi mwake.

Aliajiriwa kupiga brashi shashia, zile kofia zetu nyekundu za sufu. Mwaka haukuisha akahamishiwa mauzo, baada ya kumuuzia kofia ya baridi mtu aliyeingia mwezi Agosti, joto la Tunis likiwa kileleni, kuuliza njia ya kwenda stesheni.

Tusimsingizie, kazi anaijua. Sisi wengine ametufundisha yeye: uso wa mviringo upewe kofia iliyonyanyuka, uso mrefu upewe ya kina kifupi, mtu mfupi asibebeshwe ukingo mpana, na shashia ikae juu ya nyusi, isishuke masikioni. Lakini mlango ukifunguliwa tu akaingia mteja, elimu yote ilikwenda likizo.

Wakili Hachemi, kwa mfano, ni mtu wa kuangaliana macho kwa macho na kaunta yetu. Bwana Lamjed alimvika pama yenye ukingo mpana kuliko mabega yake, akarudi nyuma kidogo, akashika kifua. "Wallahi, Wakili, kofia hii ilikuwa inakusubiri wewe!" Wakili akanunua mbili. Mahakamani sasa wanamwita Uyoga, na yeye hajui.

Kisha kuna Bi Dalenda, mwenye uso mrefu, aliyetoka hapa na kofia ya ukili yenye manyoya wima. Maskini aliuliza, "Hainirefushi uso?" Akajibiwa, "Bibie, uso kama wako haufichwi." Kesho yake mumewe alikuja amefura. "Wewe bwana, umemfanya nini mke wangu?" Baada ya muda mfupi na yeye alitoka na kofia ya manyoya, ili wafanane.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwetu kibaya kilikuwa na mtu wa kukitembeza. Ndiyo maana amekuwa Muuzaji Bora mara kumi na moja. Hakuna aliyewahi kurudisha kofia, kwa sababu mtu akishaambiwa amependeza haangalii kioo tena.

Sasa ni zamu ya mwandishi wa wasifu huu, yaani mimi Neji, keshia wenu. Binti yangu Yosra anaolewa kesho. Wakwe wanatoka Sfax, watu wema ila ndimi zao hazina breki. Baba wa bibi harusi hana budi kusimama mlangoni na juba na shashia, akisalimia mmoja mmoja huku anapigwa picha, na picha za harusi hazistaafu. Nilijaribu shashia zote za duka. Wenzangu mkasema zote zimenikaa, maana nyote mmelelewa na mtu yule yule.

Basi Jumatatu tulipofunga duka nikamfuata. "Kaka Lamjed, mimi si mteja. Kwa mkate tuliokula pamoja, usinivike kilemba cha ukoka. Nimependeza au sijapendeza?"

Aliisogeza shashia mbele, akairudisha nyuma, akailaza upande. Mwishowe akaivua, akaiweka juu ya kaunta.

"Neji, ndugu yangu, wewe huna kichwa cha kofia. Hujawahi kuwa nacho. Unafanana na chupa iliyozibwa. Nenda kichwa wazi."

"Na ile pama uliyoniuzia nilipoanza kazi?"

"Ile ilikuwa imetudodea miaka mitatu."

Nilikasirika, sifichi. Pama ile niliivaa siku niliyooa na siku tuliyomzika baba. Lakini hasira iliposhuka nilimpenda kuliko siku zote, kwani naamini hakuna mtu mwingine mjini humu aliyewahi kuusikia ukweli kutoka kwake.

Mke wangu Saloua haamini. Anasema mtu aliyedanganya maisha yake yote haachi wiki ya kustaafu, na kwamba nitamwaibisha mtoto mbele ya wajomba wote wenye shashia zao. Mimi nimeamua. Kesho nitasimama mlangoni kichwa wazi, na kama nimedanganywa, watu wa Sfax watanieleza kabla sinia la vitamutamu vya baklava halijapitishwa.

Ahsante, Bwana Lamjed, kwa kicheko ulichotupa na mishahara uliyoilipa kwa ulimi wako. Duka litapoa bila wewe. Mungu akupe afya na umri mrefu, na kesho karibu sana harusini. Ukifika mlangoni nipe mkono, nibusu mashavu yote mawili, ila nakuomba, usije ukaniambia nimependeza.