Wageni Wanne

Taksi ya abiria iendayo soko la Owino ilikuwa imekwama kwenye foleni. Jirani wa Husnah kitini, Mkongomani asiyemjua, alimwonyesha kwenye simu yake programu aliyoipata jana akitafuta rumba za zamani.

"Unaingia mu simu ya mtu wa mbali, mama. Unaona nyimbo, picha, yote."

"Kwani ulipiga hodi?"

"Mlango iko wazi. Yeye mwenyewe alifungua."

Husnah akazidi kuchanganyikiwa. Kwao Bombo hodi hupigwa hata mlango ukiwa wazi.

"Na wako uko wazi?"

"Wangu?"

Husnah akagusa pembe ya kioo cha simu, palipoandikwa: wageni 4. "Hawa ni nani?"

Mkongomani akakodoa macho. Walipofika Owino, alishuka amekumbatia simu kifuani, kama mtu aliyechunguliwa bafuni.