Matanga ya Wana wa Bashiru

Mwaka ule baada ya vita vya Maji Maji, njaa iliingia Kibiti ikakuta watu wana maneno mengi kuliko mihogo. Kwenye benchi la Muhidini muuza kahawa, wazee walikutana kila alasiri kutibu matatizo ya wenzao, bure na bila kuombwa. Msemaji mkuu alikuwa Sadala. Walimwita Kadhi, kwa kuwa hakuwahi kusikiliza kesi hadi mwisho. Siku hiyo kesi ilikuwa ya rafiki yake wa utotoni, Mzee Bashiru, aliyekuwa mwadhini wa msikiti wao. Sasa Bashiru alishinda kwa mgema akinywa tembo tangu asubuhi. Hali, haogi, hasemi na mtu.

Sadala alishatoa hukumu: uzee tu huo.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema. Ndiyo maana kila siku anaanguka.

Mtoro, aliyeitwa Hirizi kwa zile alizojaza shingoni, alikataa. Kwake yeye lile lilikuwa jini la mtoni, limemfuata kutoka Ngorongo, na lina kiu. Muhidini, akimimina kahawa ambayo kusema kweli ilikuwa mtama wa kuunguza, alikuwa na kubwa zaidi: Wadachi wametia dawa kwenye minazi ili wazee walewe, wasichochee vita tena. Sadala aliona haya kupitwa. Akasema minazi ya Bashiru ndiyo iliyotiwa kwanza, maana Wadachi waliiogopa sauti yake ya adhana. Wakaafikiana kuwa hilo ndilo lenye akili.

Mwanahawa, dada yake Muhidini, aliyekimbia njaa ya Mbwara na kufika majuzi tu, alikuwa akisuuza vikombe. Akauliza kama huyo mzee ana watoto. Sadala akajibu haraka kwamba alikuwa nao wawili, Huseni na Abdalah. Walikunywa maji ya dawa, wakapanda vilima vya Umatumbi kupigana, wakaishia huko.

— Poleni, kaka zangu. Matanga yao mlikaa wapi?

Hirizi alianza methali, ikamkatikia njiani. Siku zile askari walikuwa wakiulizia wazazi wa wapiganaji, na hakuna aliyetaka kuonekana mlangoni kwa Bashiru. Askari walipoondoka, watu wakawa wameshazoea kutokwenda. Hata hitima haikusomwa.

Kahawa ilikuwa bado ipo, lakini Sadala alinyanyuka, akapita kwake kuchukua mkeka. Wenzake wakamfuata na mikeka yao.

Walimkuta Bashiru kizingitini, tembo likimnuka. Alipoona mikeka alijikaza, akaiweka sawa kofia yake.

— Mmefiwa? aliuliza kwa upole.

Sadala alitandika mkeka miguuni pake, akakaa.

— Tumefiwa, Bashiru. Tumefiwa na Huseni na Abdalah.

Mzee aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akalia kwa ile sauti iliyokuwa ikifika hadi ng'ambo ya mashamba.

Kesho yake alikwenda tena kwa mgema, ila alichelewa sana. Alikuwa na wageni.