Mkasi wa Mzee Zelig

Ijumaa mchana, ndani ya gari dogo la kupanda mji wa Safedi, mzee mwenye kofia nyeusi alianza kulalama kabla hata mlango haujafungwa.

"Uzi umekatika, mama! Fundi hawahi kabla ya jua kuzama. Kesho mjukuu wangu anatahiriwa, na bila ule uzi kuzunguka mji, siku ya Sabato haturuhusiwi kumbeba mtoto nje. Sinagogi atafikaje?"

"Pole, baba," alisema bibi aliyepakata sufuria ya maharage. "Umekatikaje?"

Mzee aligeukia dirishani. "Nimeukata mimi. Nilitaka wageni wa yule hasimu yangu Faivel washindwe kubeba vyakula vya sherehe yake ya kesho. Nilidhani uzi ule ni wa roshani yake tu."

Mimi niliuma mkono wa shati nisicheke.

"Ebo!" alisema bibi. "Umefungia mji mzima kwa ajili ya mtu mmoja? Si ungemtukana tu!"

"Usinicheke. Binti yangu analia."

"Simcheki binti, naucheka mkasi wako. Huyo binti anakaa wapi?"

"Chini ya Faivel, jengo moja. Na Faivel kanipigia simu, eti mtoto apandishwe ngazi tu bila kutoka nje, tumtahirie kwake, chakula kimeshapikwa. Afadhali nife!"

"Ufe Jumapili, baba. Kesho hatuziki."

Gari likasimama. Kituoni mtu mnene alifungua mlango mwenyewe, uso wote tabasamu.

"Mzee Zelig! Kiti chako cha mbele kwangu kipo tayari. Lete mfuko nikubebee leo, maana kesho hairuhusiwi."

Mzee aliukumbatia mfuko wake. Dereva akapiga honi.