Bi Sheikha Aboud na Miaka Ishirini na Saba ya Kutoamini Haraka

Alhamisi, tarehe 28 Juni 2018, Bi Sheikha Aboud anastaafu baada ya kuitumikia zahanati yetu kwa miaka ishirini na saba, miezi miwili na siku kumi na tatu. Hesabu hiyo si yangu. Mimi niliandika "karibu miaka thelathini", akanirudishia karatasi akitaka kujua hiyo karibu ni karibu kiasi gani. Basi tukafungua faili lake, tukahesabu pamoja, na wasifu huu ameusoma mara tatu kabla haujaingia kwenye jarida letu la wafanyakazi. Amefuta maneno mawili ya sifa. Mengine yote ameyaruhusu, hata yale ambayo mimi nisingethubutu kumwomba.

Mzaliwa huyu wa Kibokoni, Mombasa, aliingia kazini tarehe 15 Aprili 1991, zahanati ikiwa bado Deira, mtaa wa kale wa Dubai, vyumba vinne juu ya duka la viungo, wagonjwa wengi wakiwa wapakuzi wa mizigo waliobanwa vidole na makreti. Tulipohamia hapa Al Nahda mwaka 2004 alikuja nasi, pamoja na stuli yake ya chuma ambayo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuikalia. Wapangaji wa minara inayotuzunguka, wale wanaolala sita chumba kimoja, wakiumwa humuulizia yeye kwanza, daktari baadaye. Amefunga vidonda, amepima presha, amebeba ndoo za matapishi, na amewafundisha madaktari vijana watatu jinsi ya kutoa bandeji iliyogandia bila mgonjwa kupiga kelele.

Lakini jamani, haamini kitu! Mwaka 2011 tuliletewa vipimo vipya vya joto, vile vya kuelekeza kwenye paji la uso. Wote waliokuwapo, mimi nikiwa bado sijaja, walivishangilia. Bi Sheikha akampima daktari, akampima Madam Sundus, meneja wetu, kisha akaelekeza kipimo kwenye kikombe cha chai iliyokuwa ikitoa moshi. Chai ikasomeka digrii thelathini na sita na nusu, afya njema kabisa. Vipimo vyote kumi na viwili vikarudishwa dukani siku hiyohiyo. Wauzaji wa dawa wakituletea biriani ya bure, yeye huuliza wanataka tusahau nini. Huila, lakini huuliza.

Ana kanuni moja ambayo kila mgeni kazini huifundishwa kabla hata ya kuonyeshwa choo. Usimuulize mgonjwa, "Wewe ndiye Junaid?" Mgonjwa aliyechoka kungoja, anayetaka kurudi kazini kabla mwajiri hajampigia simu, ataitikia jina lolote utakalomtajia. Mwulize, "Jina lako nani?" kisha funga mdomo. Tulimcheka sana kwa kanuni hiyo, mpaka siku waliposimama wanaume wawili kwa sindano moja ya Junaid, na mmoja wao, alipoulizwa jina, akataja jingine kabisa. Kwake, swali lililobeba jibu lake mgongoni si swali.

Sasa niingie mimi, Marietha wa Bukoba, maana sababu ya kupewa kalamu hii ninayo.

Mwaka 2015 nilikuwa msaidizi wa wauguzi hapa kwa mwaka wa tatu. Nilikuwa na shahada ya biolojia kutoka nyumbani, ambayo Dubai ilinifikisha kwenye kusukuma kiti cha magurudumu. Kwa mtu wa namna yangu kulikuwa na shahada ya uuguzi ya haraka: unaruka masomo uliyokwisha kuyasoma, unakwenda moja kwa moja kwenye uuguzi wenyewe. Nikapata nafasi mbili kwa mpigo. Moja ilikuwa ya miezi kumi na miwili, ofisi yake Dubai Silicon Oasis, masomo yote kwenye kompyuta, kazi huachi. Jina lake silitaji. Nyingine ilikuwa ya miezi ishirini na miwili, kwenye chuo chenye hospitali, siku tatu kwa wiki wodini, na ilinilazimu kuomba nusu zamu kwa karibu miaka miwili. Wote walitaka jibu kabla Agosti haijaisha. Nikikosea, mamlaka ya leseni isingenikubali kwenye mtihani, na kwa umri wa miaka thelathini na mmoja, na viza inayosimama juu ya kazi, nafasi nyingine isingekuja. Ningekufa msaidizi.

Zahanati nzima ilinichagulia. Irshad wa mapokezi, kijana wa Mombasa asiyekosa maoni, alisema wallahi hata yeye angechukua ya mwaka mmoja akiwa amefumba macho. Proscovia, Mganda anayelinda mlango wetu, alipiga makofi. "Yalla, Marietha! Mwaka mmoja tu, khalas, umeanza kutuchoma sindano!" Bi Sheikha peke yake hakunichagulia. Aliomba vipeperushi vya kozi zote mbili, akavitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu.

Hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Mtu ambaye hakuwahi kuomba hata saa moja ya ruhusa, sasa kila Alhamisi baada ya adhuhuri anatoweka. Jumapili, wiki ya kazi ya huku ikianza, nikimuuliza alikuwa wapi, ananiuliza kama nimebadilisha mashuka. Alikuwa na kijidaftari cha jalada jekundu, na nikikaribia anakifunga. Irshad akaniinamia pale mapokezi, akaninong'oneza kwamba vyuo huwa na watu wao wa kuwavutia wanafunzi, na huenda bibi ana lake jambo na kile chuo chenye hospitali. Nikaamini papo hapo. Naona haya kuliandika hili kwenye jarida atakalolisoma Madam, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilifika mahali nikawa nageuza simu yangu kifudifudi akipita.

Wiki ya tatu ya Agosti alinikuta chumba cha mashuka, akasimama mlangoni nisiweze kupita. "Mwanangu, hao watu wako usiwaulize kama shahada yao yatambulika. Watakwambia ndiyo. Waulize wanafunzi wao wafanyia wapi mazoezi ya wodini, kisha nyamaza." Nikaitikia kwa heshima, moyoni nikamwambia aniache na maisha yangu.

Jumamosi nikaenda Silicon Oasis. Kwenye bahasha nilikuwa na vyeti vyangu halisi, si nakala, maana walitaka kuvihifadhi wenyewe hadi nimalize. Aliyenipokea ni Andrew, kijana wa suti ya buluu aliyekuwa akinipigia simu kila siku na kuniita "Sista mtarajiwa". Alijua jina langu na shahada yangu. Fomu ya mwajiri nilikuwa bado sijaijaza, kwa hiyo hakujua ninakofanya kazi. Nilikuwa nimekwisha kuiweka bahasha mezani nilipokumbuka lile swali, na niliuliza ili tu nirudi nimwambie bibi kwamba nimeuliza na hakuna lolote. Andrew akatabasamu. Wanafunzi wetu, akasema, wanafanyia mazoezi kwenye zahanati kubwa ya Al Nahda, kule karibu na mpaka wa Sharjah. Akanisogezea barua ya ushahidi.

Juu ya barua kulikuwa na jina la zahanati yetu. Ilisema tunapokea wanafunzi arobaini kwa mwaka. Sisi tuna vitanda sita! Miaka mitatu nimefanya kazi hapa sijamwona mwanafunzi hata mmoja, labda walikuwa wakijificha kabatini. Na chini kabisa, kwa wino mweusi: Sista Sheikha Aboud, Muuguzi Msajiliwa, Msimamizi wa Mafunzo. Na saini.

Mtu mwenye akili zake angeishuku barua. Mimi nikamshuku Bi Sheikha. Kumbe ndiyo maana ya zile Alhamisi, nikajisemea, kumbe Irshad alikosea chuo tu, bibi ni mtu wa hawa! Kwa nini basi aniambie niulize swali la kumfichua yeye mwenyewe? Hilo halikunipitia kichwani, nilikuwa nimechemka. Nikaipiga picha barua Andrew alipogeuka kupokea simu, nikachukua bahasha yangu, nikasema nimesahau picha za pasipoti, nikatoka.

Jumapili asubuhi nilimkuta chumba cha kufungia vidonda, na Proscovia alikuwa ameingia kujaza chupa yake ya maji. Nikamwekea simu mbele ya macho. Niliyoyasema mhariri amekataa kuyachapa, na amefanya vizuri. Bi Sheikha akavaa miwani, akasoma barua kutoka juu hadi chini, akarudia. Nilitarajia aje juu. Badala yake alikaa kwenye stuli yake, akaifuata ile saini kwa kidole.

"Barua ya uongo hii, mwanangu," akasema. "Aliyeiandika hanijui. Mimi si muuguzi."

Akatoa kwenye pochi kadi yake ya leseni, akaiweka mkononi mwangu. Msaidizi wa Wauguzi. Neno lilelile lililokuwa kwenye kadi yangu mimi, mtoto wa juzi. Proscovia alisahau kufunga bomba. Sote tulimwita Sista. Madaktari walimwita Sista, wagonjwa walimwita Sista, na alikuwa amechoka kutusahihisha tangu Deira.

Ndipo akatueleza. Mwaka 1990 alisoma kozi ya haraka ya uuguzi, miezi tisa, kwenye chumba cha kupanga mjini Mombasa. Wakampa cheti chenye utepe. Wodi hakuingia hata siku moja, akaambiwa ataizoea kazini. Alipofika Dubai walikitazama cheti chake, wakauliza alifanyia wapi mazoezi, naye hakuwa na wodi ya kutaja. Wakampa kazi ya msaidizi. Alidhani ni ya muda, mpaka apange mambo yake. Kisha mumewe akafariki, binti yake Muna akawa wa kusomeshwa, na mwaka ukawa unaufuata mwaka. Aliyasema haya kwa sauti ileile anayotumia kutaja presha ya mgonjwa. Mimi ndiye niliyelia.

Kisha akafungua kile kijidaftari. Alhamisi sita mfululizo alikuwa akienda kukaa kwenye benchi la wageni katika hospitali ya kile chuo cha miezi ishirini na miwili, akijifanya ana mgonjwa wake. Alikuwa akihesabu wanafunzi wanaoingia wodini. Kila aliyepita alimuuliza tu, "Mwasomea wapi?" kisha akanyamaza. Alikuwa ameandika majina kumi na moja, pamoja na majina ya wauguzi watatu waliomaliza kozi hiyo, wenye leseni, na wodi wanazofanyia kazi. Mmoja, Rebecca wa Voi, alimpa hadi namba yake ya simu. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Alisema hakuwa na hakika bado, na Alhamisi moja ilikuwa imebaki.

Nikachagua miezi ishirini na miwili. Madam Sundus aliipeleka picha ya ile barua kunakohusika, na kabla Oktoba haijaisha ile ofisi ya Silicon Oasis ilikuwa imefungwa na simu ya Andrew haipatikani. Hadi leo hatujui walipata wapi jina la Bi Sheikha. Nina mtu ninayemshuku, lakini Bi Sheikha mwenyewe amenikataza kumtaja kwa kuwa sina ushahidi.

Nusu zamu nilizoziacha alizifanya nani? Yeye, akiwa na miaka hamsini na nane na magoti yanayolia kama bawaba. Nikimshukuru, ananiuliza nilichofundishwa siku hiyo, na nikisema nimeelewa, ananitaka nimwonyeshe kwa mikono. Nilimaliza Julai 2017. Leseni yangu ya uuguzi ilitoka Machi mwaka huu, nami nikaanza kazi ya uuguzi papa hapa.

Wiki iliyopita uongozi ulimchapia cheti cha utumishi kilichoandikwa "Sista Sheikha Aboud, Muuguzi". Walitaka kumheshimu. Alikirudisha. Wakakichapa upya, wakaondoa "Muuguzi" lakini wakabakiza "Sista", akakirudisha tena. Cha tatu kinasema Bi Sheikha Aboud, Msaidizi wa Wauguzi, 1991 hadi 2018, na hicho amekipokea kwa mikono miwili.

Sheria ya kazi yetu ni kwamba kila kidonda anachofunga msaidizi, muuguzi hutia saini. Asubuhi yangu ya kwanza nikiwa muuguzi, Bi Sheikha alikuja na fomu yake, akaiweka mezani kwangu, akasimama kando akingoja. Miaka ishirini na saba amesimama hivyo mbele ya meza za watu, wengine wakiwa watoto waliokosea hata kumtaja jina. Machozi yalinijaa, sikuona mstari wala herufi, nikataka tu kutia saini haraka ili akae. Akaizuia kalamu yangu kwa kidole.

"Soma kwanza," akasema.

Nikasoma, yeye akiwa amesimama, neno kwa neno mpaka mwisho. Kisha nikatia saini.

Ahsante, Bi Sheikha, kwa yote uliyotufanyia. Sisi wote wa zahanati hii tunakuombea safari njema ya kurudi kwa Muna, magoti mepesi, na uzee mtulivu wenye watu wa kukupikia. Ukipata nafasi ya kuamini kitu kimoja bila kukichunguza, amini kwamba tunakupenda.

Marietha, Muuguzi Msajiliwa