Mafuta ya Samaki na Ng'ombe wa Bibi

Basi la Himo lilipotoka stendi ya Moshi, Jesse alijifanya amelala ili asikie vizuri. Kiti cha mbele, bibi mmoja alikuwa akimwonyesha mama aliyeketi kando yake vidole vilivyopinda kama tangawizi.

"Baridi yabisi hiyo, mwanangu. Siku hizi Dar kila kitu kinauzwa, binti yangu akaniletea vidonge vya mafuta ya samaki. Navitoboa kwa pini, najipaka."

"Bibi, vile ni vya kumeza!"

"Nimeze samaki, mimi? Babu zangu hawakumgusa hata kwa kijiti!"

Mama alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Bibi hakucheka. "Tangu nijipake, ng'ombe wangu ananikataa. Akinusa tu mikono yangu, teke. Sasa mkwe wangu anataka kumhamishia kwake. Nitabaki nikiongea na nani?"



"Basi umeze, bibi. Na dawa za hospitali usiache."

"Nilishaziacha tangu Pasaka. Nilidhani haya yanatosha." Pasaka ilikuwa imepita miezi; kahawa mashambani ilikuwa imeshaiva. "Nikimeza, vidole vitanyooka?"

Mama akatazama dirishani. "Labda maumivu yatapungua kidogo, bibi. Kilichopinda kimeshapinda."

Basi likasimama Himo. Kondakta akampa bibi mkono ashuke.

"Nishike kiwiko, baba," bibi akasema. "Vidole vimebaki vya kunuka tu."